Aliyepuliza Bakuli la Buluu

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba kile kikohozi kimekuacha. Sisi huku hatujambo kiasi, ila Mama magoti yanamsumbua na hataki kuambiwa. Bakuli ulilonitumia lilifika salama, limeviringishwa kwenye sweta lako kama mtoto mchanga.

Wewe nawe na mambo yako! Unaingia dukani kununua glasi, unatoka na bakuli la buluu na swali la kumtoa mtu roho: kama muuzaji anaapa limetoka tanuruni mwaka huu, na kazi ni ya mkono wa Baba, basi tulimzika nani? Nilisoma nikakaa kitako sakafuni. Ni kweli karakana ya vioo ilipoungua na Baba ndani hatukuonyeshwa uso, jeneza lilikuja limefungwa. Ni kweli pia kwamba wewe hujamlilia mpaka leo, unasema humlilii mtu usiyemwona. Watu walikusema sana. Mimi nilikutetea, ingawa moyoni niliona umechanganyikiwa.

Nililiweka juu ya kabati chumbani kwangu. Lo, nilijitakia! Upepo wa dirishani ukipita mdomoni mwake, linatoa sauti ya mtu anayevuta pumzi kwa shida, vile vile alivyokuwa Baba akimaliza kupanda ngazi. Nikahamia kulala sebuleni, nikamdanganya Mama kwamba chumbani kuna joto. Mchana mmoja nilijikuta nimeandaa sahani ya tatu mezani. Mama aliitazama, akairudisha kabatini.

Basi nikalipeleka kwa Kipara, yule aliyekuwa akichochea tanuru la Baba. Aliligeuza, akapitisha kidole kwenye mdomo ulioinama upande wa kushoto, akatazama kitako. Unajua kazi za Baba hazikuwa na saini. Kioo kikiwa bado laini, kitako kilitobolewa kidogo kwa msumari wenye maji, kikafunikwa kwa kioo kingine, na kipovu kimoja kikabaki humo ndani. Wengi walijaribu kuiga wakaambulia nyufa. Kipovu kilikuwepo. Kipara alisema ni mkono ule ule, hakuna mwingine, kisha akalirudisha kwenye sweta haraka haraka na kuniambia nisimletee tena. Nilimuuliza anaogopa nini. Alinijibu nikamuulize mama yangu.

Nilirudi nyumbani miguu haigusi chini. Nilishaamini, dada. Nilikuwa hata napanga maneno ya kumsema Baba siku nitakayomtia machoni.

Mama alipoliona bakuli mezani aliketi. Hakuuliza limetoka wapi. Alisema tu kwamba mdomo umeinama mno, kwa sababu mikono yake mwenyewe siku hizi inatetemeka.

Nilidhani uzee umeanza kumchezea. Ndipo akanieleza, akitazama dirishani. Mapafu ya Baba yaliharibika wewe ukiwa bado unatambaa, akawa hawezi kupuliza hata puto. Lakini wateja walimtaka yeye. Kwa hiyo Baba alibaki mbele akichagua rangi na kupokea sifa, na Mama akashika bomba la kupulizia kioo nyuma ya pazia. Kile kipovu nacho ni cha Mama, Baba hakuwahi kukiweza. Mama alimwahidi kwamba sisi hatutajua, tusije tukamdharau. Na yule mgonjwa ambaye Mama hutuaga kwamba anakwenda kumtazama kila Jumanne, hakuna mgonjwa! Anakwenda kupuliza kwenye karakana ya watu, wao wanauza.

Nilimbishia mpaka akachoka. Kesho yake akanichukua nikaone kwa macho yangu. Alivuta bonge la moto kwa ncha ya bomba, akakunja goti lile bovu, akainamisha shingo, mashavu yakajaa. Nywele zilinisimama. Nilimwona Baba, wallahi, vile vile ninavyomkumbuka. Halafu nikatambua kwamba sikuwahi kumwona Baba akipuliza. Wewe je, uliwahi? Tulikuwa tukifukuzwa nje. Ile picha yote niliitunga mwenyewe, na sasa sijui ni nini kingine cha Baba nilichokitunga.

Njiani nilimuuliza kuhusu jeneza. Sikutaka kuuliza, lakini ningekujibu nini wewe? Alimwona, dada. Alimwosha kwa mikono yake mwenyewe, na yeye ndiye aliyeagiza lifungwe, ili tusibaki na sura ile. Baba alikufa siku ile ile ya moto. Hakuna wa kumsubiri. Nisamehe kwa kukuandikia hivi, nimejaribu kuzunguka nimeshindwa.

Jana nilirudi kulala chumbani. Bakuli bado linapumua, na mimi nalia tu, sijui namlilia nani kati yao.

Msalimie shemeji, na jirani yako yule mcheshi. Mama naye anakusalimu sana. Amesimama hapa nyuma yangu, anajifanya anakunja nguo. Anauliza kama sasa, kwa kuwa ni yeye, bakuli bado unalitaka.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba