Meno Yasiyoota

Kuopio, 9 Novemba

Mdogo wangu Taisto,

Huku ziwa limeanza kuganda, na jamu yako nimeshaitia kwenye mitungi.

Wiki jana nilikwenda Helsinki kwa daktari anayechunguza jinsi meno yanavyochipuka. Nilimuuliza kama na yetu yasiyoota tangu utotoni yataota siku moja. Akacheka: "Labda ya wajukuu zako, mama. Wewe hukuzaliwa na mbegu zake."

Kisha akauliza nani mwingine ana mapengo ya tangu utotoni. Nikamtajia baba, shangazi Lempi, na wewe.

"Baba alikufa kwa nini?"

"Saratani ya utumbo."

"Na shangazi?"

"Hiyo hiyo."

Akaweka kalamu chini. "Kasoro ya kurithi inayozuia meno yasiote, ndiyo hiyo inayootesha uvimbe tumboni. Mdogo wako yuko wapi?"

Nimepimwa, na Jumatatu napasuliwa. Wanasema nimewahi. Nawe kapimwe wiki hii hii, usijitie ushujaa wa baba.

Binti yako Eevi ametimiza miaka minane, umri wa kuota meno ya ukubwani. Kabla hujanijibu, mfumbue mdomo, uyahesabu.

Dada yako akupendaye,
Hilkka