Ijumaa Niliyopewa na Furaha

Jumatatu, 12 Mei
Saa kumi na moja na nusu. Hadi kwenye mashine ya kusaga muhogo na kurudi, mara mbili. Furaha alinitangulia kilimani, nikamkamata kisimani. Miguu inauma vizuri.
Furaha ni rafiki yangu pekee shuleni. Wengine wananiita Bubu.

Ijumaa, 16 Mei
Mapumziko. Mwaka jana nilikuwa napumzika siku moja, halafu mwezi mzima unapotea. Ndiyo maana tuliweka sheria: siku ya kupumzika unaamka saa ile ile, unavaa viatu, unatembea hadi mashineni, unarudi. Hakuna kukimbia. Mwili usisahau tu.
Jumapili ni ya Furaha, ana misa. Ijumaa alinichagulia yeye. "Wewe Mwislamu, kamata Ijumaa, iko sawa." Nikakubali. Mimi nakubali kila kitu. Tunapumzika zote mbili, asiwepo wa kumpita mwenzake.

Jumatatu, 19 Mei
Mwalimu wa michezo ametangaza mbio za shule, mjini Kabambare. Msichana mmoja tu kutoka kwetu, pikipiki ni moja. Mimi ndiye mwenye mbio zaidi. Hata Furaha anajua. Sijawahi kutaka kitu namna hii. Naona aibu hata kuandika.

Jumatano, 21 Mei
Jina lililobandikwa ukutani ni la Furaha.
Mbio ni Ijumaa ya wiki ijayo. Mdogo wangu Zaina alikuwa anafagia darasa, akasikia mwalimu akimuuliza Furaha kama mimi nitaweza siku hiyo. Furaha akajibu: "Mwajuma? Ijumaa hakimbiake, mwalimu. Dini yao inamukataza."
Nimeirudia kichwani kwa Kiswahili, halafu kwa Kifaransa. Inauma sawasawa.
Baba alishangaa. "Nani kasema? Tunasali adhuhuri. Asubuhi mutu anaweza kukimbia mpaka achoke." Akataka kwenda shuleni. Nikamwomba asiende. Mjinga mimi.

Alhamisi, 22 Mei
Nilienda mwenyewe. Mwalimu alikuwa mlangoni. "Ndiyo, mama?" Nikasema nimetumwa chaki. Akanipa chaki. Nina chaki mbili kwenye begi na bado siendi Kabambare.
Furaha alinisubiri barabarani. "Ee Mwaju, usinune. Nilisema tu kile najua."
Anajua nini? Ijumaa ni yeye aliyenipa. Nilitazama viatu vyake.

Jumatatu, 26 Mei
Sikuamka. Siku ya nne. Hata Ijumaa sikutembea. Haya si mapumziko tena, nayajua, mwaka jana yalianza hivi hivi. Viatu viko chini ya kitanda. Nimevigeuza vitazame ukuta.

Jumatano, 28 Mei
Pikipiki imeondoka na Furaha. Alipunga mkono alipopita kwetu. Sikupunga. Nilitamani aanguke. Halafu nikaogopa kwamba nimetamani.
Zaina: "Amekuchukulia safari. Na miguu je, amebeba pia?"
Nilimtupia kandambili. Ikamkosa.

Ijumaa, 30 Mei
Jana nilikimbia. Vibaya. Pumzi ilikatika kilimani.
Leo mapumziko. Niliamka saa ile ile, nikavaa viatu, nikatembea hadi mashineni. Saa hiyo huko Kabambare walikuwa wanajiandaa. Nililia kidogo, hakuna aliyeona. Miguu ilitaka kukimbia. Niliikataza mimi, si dini, si yeye. Nikarudi polepole.

Jumapili, 1 Juni
Furaha alirudi jana. Wa tano, wanasema. Sikuuliza.
Asubuhi nilimkuta mbele yangu njiani, peke yake, na viatu vyake, anatembea kwenda mashineni. Bado anafuata sheria yetu. Alisikia hatua zangu, akasogea pembeni kidogo, akaniachia nafasi ya kutembea naye.
Mimi sina misa.
Nilimpita nikikimbia. Wakati wa kurudi tukapishana tena. Alitazama chini.
Mara mbili, hadi mashineni na kurudi.