Milango Minne ya Wilmer

Castelfranco Emilia,
Italia.
18 Novemba 1986

Mpendwa Baba Mdogo Learco,

Shikamoo. Je, Mama Mdogo Elvira amepona mguu? Huko Rosario mmeanza joto, sisi ukungu haujaondoka wiki nzima. Mimi na Mama tuna afya, ila usingizi hatuna.

Simu ya maandishi ilikupa habari ya kifo tu. Nadhani unastahili kujua ndugu yako alivyoondoka.

Unakumbuka alivyokuwa fundi bodi mkuu pale kiwanda cha magari ya mbio cha Bonvicelli. Mwaka huu kaka yangu Wilmer, aliye chumba cha michoro, alichora gari la milango minne. Wakagombana mezani siku ya Pasaka, tortellini zikapoa.

“Gari la mbio lenye milango minne ni basi,” Baba alisema. “Anayetaka kubeba mama mkwe apande treni.”

“Baba, wateja wetu wamezaa. Tusipowatengenezea tutafunga.”

“Basi tufunge na heshima zetu.”

Bibi Bonvicelli, mwenye kiwanda, alikubali mchoro wa Wilmer. Baba akarudisha nyundo zake stoo, akaacha kazi. Tangu hapo hakusema na mwanawe.

Kiangazi kikaja na ugonjwa wa tumbo. Akawa anakwenda hospitali Bologna kwa basi, amejikunja kwa maumivu, badala ya kumwomba Wilmer ampeleke.

Oktoba akashindwa kusimama. Wilmer akaja na lile gari lake la milango minne, la majaribio, mpaka mlangoni. Baba akaupapasa mlango wa nyuma taratibu, akasema, “Aliyefua bati hapa alikuwa na haraka.” Kisha akakubali kulazwa kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Mama. Mimi nikakaa mbele.

Wilmer aliogopa kumtikisa. Tulipofika Anzola, Baba akafumbua macho. “Wewe, mbona unaendesha kama padri anayepeleka komunyo? Kanyaga.”

Wilmer akakanyaga. Baba alisikiliza injini, akasema bado si gari la mbio. “Sawa, Baba,” Wilmer akajibu, machozi yanamtoka. Hawakusema tena. Alifariki kesho yake alfajiri.

Wilmer ananiuliza kila siku kama maneno yale ya garini yalikuwa samahani. Namwambia ndiyo, ingawa sijui. Na gari lenyewe halipati wanunuzi. Wateja wa zamani wanalicheka, wapya hawajaja. Huenda Baba aliona sawa. Huenda wote wawili.

Tulipotoka kumzika, Mama alikataa kushuka kutoka kiti cha nyuma cha gari la Wilmer. Nikamshika mkono, akasema, “Niache kidogo, Ivonne. Nimeishi na mtu wa magari tangu nikiwa msichana, na safari ya Bologna ndiyo pekee tuliyopanda gari moja sote wanne.”

Msalimie sana Mama Mdogo Elvira, na binamu zangu Nives na Omar. Mungu awatunze huko ng’ambo, akupe na wewe faraja, maana sasa umebaki peke yako kati ya ndugu.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Ivonne