Magadi Juu ya Makaa

Jumatatu, 2 Juni 1913
Tangu asubuhi natafsiri kesi za mipaka bomani. Ng'ombe wa huyu, mgomba wa yule. Kisha akaingizwa mtu mwenye minyororo: mjomba wangu Kaanaeli, wa Akheri! Maksai wa mlowezi mmoja Mzungu, ambao mjomba huwachunga, wamekufa. Mlowezi adai mjomba alitia aseniki, ile sumu ya panya, katika magadi aliyowalambisha. Adhabu yake ni kitanzi.

Mjomba akaomba bonge la magadi yale yale, akalilamba mbele yao, kama afanyavyo siku zote kabla ya kuwapa wanyama. Bwana Shauri, Mjerumani aamuaye kesi, akasema hilo si ushahidi, mshenzi hufa polepole. Nami nililazimika kuyatafsiri hayo! Kwa kinywa changu!

Jumanne, 3 Juni
Hasira hainipi usingizi. Kule Berlini, nilikofundisha Kiswahili asubuhi na kuhudhuria mihadhara ya fizikia jioni, profesa alipaka chumvi kwenye ncha ya chuma ndani ya chupa iliyonyonywa hewa. Umeme ukaipasha. Chumvi ikatema chembe zenye chaji ya umeme, sumaku ikazipinda: zile nyepesi zaidi, zile nzito kidogo. Haikusagwa, haikuyeyushwa, ilijitaja yenyewe kwa uzito wake. Na hapa? Hakuna umeme, hakuna pampu. Dola itawalayo hadi kilele cha Meru haina hata chupa moja ya ukweli!

Lakini yapo makaa. Aseniki ikiunguzwa juu ya makaa hunuka kitunguu saumu. Bwana Shauri amekubali nijaribu, kwa dhihaka.

Jumatano, 4 Juni
Makaa mazuri yapo jikoni mwa boma tu. Nikaweka kipande cha magadi ya mjomba, nikakipulizia kwa mrija wa shaba. Mwali ukawa wa manjano, kama wa magadi yote. Kisha harufu ya saumu ikapanda, kali, bila shaka yoyote.

Bwana Shauri akanusa, akacheka. "Sayansi yako imesema."

Mchana wamemcharaza mjomba viboko ili akiri. Hakukiri. Mimi ndimi niliyewapa kiboko. Najichukia.

Alhamisi, 5 Juni
Nimerudi jikoni kuchukua mrija. Harufu ile ile, na magadi hayapo!

"Karibu, Profesa!" akasema Mwinyi, mpishi kutoka Tanga, akigeuza nyama kaangoni. "Leo wanusa kesi ya nani?"

Nikamuuliza jana alipika nini.

"Mbuzi. Na mbuzi bila saumu, ndugu yangu, ni sabuni."

Ningeweza kucheka. Nilipiga ukuta ngumi. Miaka yote ya mihadhara, nikapima sumu kando ya kaango!

Ijumaa, 6 Juni
Nimeomba jaribio lirudiwe. Bwana Shauri: "Nilinusa kwa pua yangu. Wasema pua ya serikali hukosea?"

Nikajibu kwamba ilikosea, na yangu pamoja nayo. Akatishia kunifukuza. Nikasema basi tukutane uwanjani, penye upepo, mlowezi akiwapo. Sumu ikinuka, nitaitafsiri hukumu bila kugugumia. Kiburi chake kikakubali. Haki haikuulizwa.

Jumamosi, 7 Juni
Uwanjani. Kwanza nikaunguza chembe ya sumu ya panya kutoka stoo ya boma, ili wasije wakasema moto wangu ni dhaifu. Saumu tupu! Askari mmoja akaziba pua: "Mwinyi yuko wapi? Chakula tayari!" Wenzake wakacheka.

Nikabadilisha makaa. Nikaweka magadi ya mjomba. Mwali wa manjano, moshi mwembamba. Hakuna harufu. Mlowezi akainama, akanusa, akanusa tena. Uso ukamwiva.

Bwana Shauri akatazama saa. "Mfungueni." Neno moja. La radhi hakuna, la viboko hakuna. Nililitafsiri. Kwa ghadhabu kuliko siku zote.

Jumapili, 8 Juni. Akheri
Mjomba amelala kifudifudi kwenye ngozi, mgongo wazi, mkewe akimkanda kwa mafuta ya kondoo. Nilikuja na maneno mengi ya kuomba radhi. Nikasema, "Shikamoo, mjomba." Akaitika. Nikaketi, nikamshikia mkewe bakuli la mafuta.

Jioni ng'ombe walirudi. Akajiinua polepole, akashika ukuta, akatoka. Akamega bonge la magadi, akalilamba kama desturi. Kisha akanipa.

Nikalamba. Chungu, na chumvi kidogo. Tukawawekea ng'ombe.