Kabati Linalonguruma

Jumatatu, 4 Juni 1956

Umande umeganda tena juu ya majani. Nimewasha moto, nimetafuta sufuria kubwa, nimeikuta imejaa mchanga. Mume wangu anakaanga mchanga wa mto kama karanga, eti usibaki na unyevu hata kidogo. Uji nimepikia chunguni, umeshika moshi. Rehema amekwenda shule bila kumaliza bakuli lake.

Mchanga ni wa kabati. Na kabati lenyewe si kabati. Ni sanduku la spika, spika kubwa kama ungo, aliyoinunua kwa fundi redio hapa mjini Mbeya. Ilitoka kwenye gari la sinema lililokufa. Kila upande ana mbao mbili, katikati anamwaga mchanga ili mbao zisitetemeke. Kasoma hivyo kwenye gazeti la Kizungu. Juu ameweka rafu za vyombo vyangu. Chini, mahali pa mlango, ametundika pazia. Mgeni akiingia aone kabati la vyombo, basi. Nimekatazwa kusema.

Mwalimu wa kwaya, mtu mzima, anakaanga mchanga. Nimechoka.

Alhamisi, 7 Juni

Limekwisha. Wanaume wanne wamelisukuma hadi ukutani wakihema. Mume wangu amerudi kutoka Mbalizi na betri ya lori imefungwa nyuma ya baiskeli, alikuwa amekwenda kuichaji gereji. Akaunganisha nyaya, akaweka santuri.

Sikusikia wimbo. Nilisikia ngurumo tu: du, du, du. Inapita chini ya miguu, inaingia tumboni. Kuku wamekimbia uani. Vikombe vyangu vya harusi vilitembea kwenye rafu na kimoja kikaanguka. Nimepiga kelele. Hakugeuka. Alikuwa sakafuni, mgongo ameuegemeza kabatini, macho amefumba, anatabasamu peke yake.

Rehema alimwita mara tatu. Baba, Baba, Baba. Naye hakuitikiwa.

Jumapili, 10 Juni

Baada ya ibada wanawake wamenizunguka. Mama Tabita, kiongozi wetu, ndiye aliyeanza.

"Mama Rehema, kwako kuna dansi siku hizi?"

Nikacheka. Ningefanya nini?

"Sisi tunasikia mpaka kisimani, mwenzangu. Mwalimu wa kwaya na ngoma za kilabuni vitakaa nyumba moja?"

Wamesema kwa utani, lakini utani wa Mama Tabita una mwiba. Nyumba hii ni ya misheni. Kazi, ya kwaya na ya darasani, ni ya misheni. Mwalimu akiondolewa, tunatoka na magodoro yetu.

Na kiburi hiki kimetoka wapi? Tangu Pasaka nikisema neno hajibu. Wanaume wenzake wakija anaongea nao vizuri, anacheka. Mimi na mtoto tumekuwa nzi. Namchukia siku hizi. Nimeandika, na sifuti.

Jumanne, 12 Juni

Nimekwenda kwa Mzee Asegelile, mkubwa wa wazee wa kanisa. Ndugu zangu wote wako Iringa, na hapa mke aliyeshindwa na mumewe hupeleka neno kwa wazee. Nao hawamtaji aliyelileta. Nimesema yote: sanduku lililofichwa, dansi, dharau.

"Umefanya vema, mwanangu," kasema. "Tutakuja Jumamosi ya wiki ijayo."

Nimerudi mwepesi. Nimepika maharage huku naimba.

Alhamisi, 14 Juni

Rehema ameungua. Alikuwa anaepua uji, ukamwagikia mguuni. Amelia kilio ambacho jirani wa tatu amekisikia. Baba yake alikuwa chumba hichohicho, hatua nne, amempa mgongo, anapaka kabati mafuta. Aliendelea kupaka. Nilimpiga begani kwa mwiko. Akageuka, akamwona mtoto, na uso wake sitausahau. Alikuwa hajui.

Tulipomaliza kumfunga mguu amenieleza. Tangu mizinga ya vita vya Burma, alikokuwa askari, masikio yake yalikuwa yanapiga mluzi. Mwaka huu sauti nyembamba zimekwisha kabisa. Ndege, watoto, wanawake. Wanaume anawasikia kwa mbali, wakiwa na sauti nene. Kwenye kwaya husimama karibu na waimbaji wa besi, na wasichana anawatazama midomo. Sanduku lile ndilo linalomrudishia muziki, unamwingia kwa mgongo. Amelifanya kabati ili mtu asiulize kwa nini mwalimu anahitaji sauti kubwa hivyo.

Na santuri zote ni za tenzi. Tenzi! Sisi tulio nje tunapata ngurumo tu.

Nikamuuliza, nikiwa mbele ya uso wake, kwa nini hakuniambia.

"Mwalimu asiyesikia watoto ni mwalimu wa nini?" kasema. "Sauti yako, Mama Rehema, sijaisikia tangu Pasaka. Nilikuwa nakusoma mdomo. Ukinipa kisogo, umekwenda."

Sikumwambia nilikokwenda Jumanne.

Ijumaa, 15 Juni

Nimekimbia kwa Mzee Asegelile kabla ya jua kupanda. Nimesema nilikuwa na hasira, nalirudisha neno langu.

"Neno likishafika kwa wazee si lako tena, mwanangu. Nenda kwa amani."

Akaniuliza kama kuna jambo jipya. Nikaaga. Nikilisema hilo jipya, nammaliza mwenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumatano, 20 Juni

Amepata barua ya wazee. Anadhani ni majirani waliomshtaki. Amewataja mmoja mmoja, kila mmoja amempima. Nami nimesema huenda ni mama mmoja wa kisimani. Nimemsingizia mtu asiye na kosa.

Tunafanya mazoezi. Nimeweka viti vitazamane na dirisha ili nyuso ziwe na mwanga. Namuuliza maswali bila kutoa sauti, anajibu. Ni hodari. Ameniambia mimi ni mke mwema. Nimetoka nje nikachanja kuni ambazo hazikuhitajika.

Jumamosi, 23 Juni

Wamekuja saa nne asubuhi, wazee wanne na Mama Tabita. Wanaume kwenye viti. Mimi, Rehema na Mama Tabita kwenye mkeka, upande wetu.

Mzee Asegelile ana sauti nene, Mungu ambariki. Aliuliza, mume wangu akajibu. Akafunua pazia mwenyewe, akawaonyesha spika, akaweka santuri. Wazee wakainama karibu kabisa na pazia.

"Kumbe ni tenzi!"

Wakacheka. Mmoja akaomba irudiwe. Mzee Asegelile akasema waliosema dansi waoshe masikio. Nilijiziba mdomo kwa kanga nisilie kwa furaha. Nilijua tumepona.

Ndipo akamwomba Mama Tabita afunge kwa sala.

Sauti ya Mama Tabita ni nyembamba kama uzi. Watu wote waliinamisha vichwa, wakafumba macho. Mume wangu pia. Sala zake ni ndefu na wazee huitikia Amina kila anapotaja jambo, kwa hiyo Amina ya mwisho kwake ilikuwa kama zile za katikati. Wazee wakasimama, wakachukua kofia. Yeye akabaki ameketi, kichwa chini, macho amefumba.

Wakadhani anaendelea kuomba. Wakamsubiri kwa heshima. Wakasubiri tena. Kati yangu na yeye walisimama wanaume watatu, sikuweza kumfikia. Nikakohoa. Mjinga mimi, nakohoa! Mama Tabita akaita, "Mwalimu." Akaita kwa nguvu zaidi. Rehema akaanza kulia. Mzee Asegelile alinitazama, kisha akazunguka nyuma ya kiti, akapiga vidole karibu na sikio lake. Hakutikisika.

Alipofumbua macho alikuta wote wamemsimamia.

"Mwanangu, tangu lini?"

Akajibu kweli. Hajui kudanganya. Kazi hiyo naiweza mimi.

Jumapili, 1 Julai

Kwaya wamempa mwingine. Barua ya shule imefika: aliyeshindwa kuwasikia watoto hawezi kuachiwa darasa, na nyumba tuiache kabla mwezi haujaisha. Wameandika kwa upole mwingi. Wangetutukana ningewajibu.

Mume wangu kasema hana kinyongo na wazee. Aliyempeleka kwao amemsamehe. Ila angependa kumjua.

Nilikuwa nakunja nguo. Niliendelea kukunja.

Jumanne, 24 Julai

Spika imerudi kwa fundi redio. Mwalimu mpya ameomba kabati abaki nalo, mkewe amelipenda. Hatukumwambia kwa nini ni zito.

Lori la Iringa tangu alfajiri. Igawa tumeshuka kunywa chai, vumbi mpaka kwenye meno. Mchuuzi mmoja wa kike alimwita mume wangu anunue ndizi, akamwita, akamwita, mwisho akamtukana. Nilimtukana na mimi. Watu wa lori walishangaa, mke wa mwalimu.

Jumapili, 12 Agosti

Iringa. Tuko kwa shemeji, mume wa dada yangu, karibu na Tosamaganga. Chumba kimoja, shamba la kutosha. Asubuhi majirani hupita wakisalimu, kamwene, kamwene, naye huinua mkono kwa kuwaona.

Siku hizi hata sauti nene zinampotea. Tunamwandikia kwenye kibao cha Rehema.

Leo mchana wote wamekwenda shambani kwa jirani. Alikuwa uani anapukuchua mahindi, amenipa mgongo. Nilisimama nyuma yake, nikasema kwa sauti, ni mimi niliyekupeleka kwa wazee. Nikarudia kwa Kihehe. Mikono yake haikusimama. Punje zilikuwa zinaanguka kwenye ungo.

Nikachukua kibao na chaki, nikaandika, Ni mi. Nikafuta kwa kiganja. Nikaandika upya, nikazunguka mbele yake, nikamwonyesha: Chakula tayari.

Amesoma, ametabasamu, amekwenda kunawa mikono.