Tone la Oili Kwenye Karatasi

Gereji, 4 Machi

Kwa Babu, mume mwenzangu,

Shikamoo. U hali gani? Mimi mzima, tena nimenenepa mashavu. Mwambie Bibi asije akanisahau akadhani amebaki na wewe tu.

Barua yako nimeipata. Eti oili ya trekta inapanda yenyewe kwenye kijiti cha kupimia, nawe unamshukuru Mungu kwamba hununui tena! Babu, oili haizai. Ikiongezeka, ujue kuna mgeni kaingia bila hodi. Kama ni maji, utaiona imekuwa kama chai ya maziwa. Kama ni dizeli, pampu inavujia ndani, oili inakuwa nyepesi na inanuka. Hiyo hailindi chuma. Beringi zinasagana, na ukiendelea kuendesha, injini inakufa.

Walimu walisema kichwa changu ni cha kuvalia kofia. Waje waone! Hapa napima oili kwa tone tu. Fanya hivi: washa injini kidogo ipate moto, izime, chomoa kijiti, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, liache likauke lenyewe, kisha nitumie. Maji yanalitafuna ukingo. Dizeli inaacha duara pana jepesi kwa nje. Nitalisoma kama wenzako wanavyosoma gazeti, tena bila miwani.

Na lile la Baba Mkubwa nimelisikia, kwamba usipolima mwenyewe msimu huu shamba analikodisha kwa tajiri. Mwache aseme. Una fundi kwenye ukoo.

Mjukuu wako,
Spana


Nyumbani, 11 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Hatujambo, isipokuwa magoti yangu na ulimi wa baba yako mkubwa. Bibi yako anasema atakuja kwako siku utakayojua kufua shati lako mwenyewe.

Tone ndilo hilo. Nimelikaushia mezani na kuwafukuza kuku. Mwonyeshe na fundi mkuu wako. Mvua zimekaribia. Tajiri alikuja jana, akatembea shambani mikono mfukoni kama mtu anayekagua nyumba yake. Niambie neno moja tu: niwashe au nisiwashe?

Babu yako


Gereji, 16 Machi

Babu,

Shikamoo, na Bibi pia, ingawa shati nimefua. Neno moja uliloomba ni hili: washa!

Tone lako limetulia kama asali. Ukingo mzima, duara la nje hakuna. Vijana wa hapa wameniuliza trekta ni la mwaka gani, nikawaambia lilinunuliwa baba yangu hajaota meno. Wakashika vichwa. Fundi mkuu sikumwonyesha. Yumo ndani ya lori la watu tangu juzi, na kazi kama hii ukimpa aiguse kwa kidole, kesho atasema ameifanya yeye. Oili inapanda kijitini kwa sababu sakafu ya banda lako imeinama. Pima mahali tambarare. Umeogopa bure, mzee. Lima mpaka Baba Mkubwa ameze mate.

Spana,
daktari wa injini


Gereji, 25 Machi

Babu,

Shikamoo. Usiwashe.

Fundi mkuu ameikuta karatasi yako nimeibandika ukutani. Akaitazama, akaniuliza, "Wewe daktari, injini ya dizeli ikishafanya kazi, oili yake huwa rangi gani?" Nikasema nyeusi. "Na hii?" Nikaisogelea karatasi. "Hii haijawahi kuiona injini. Imetoka koponi." Wenzangu wamecheka mpaka mmoja akakaa chini. Wacheke. Wewe niambie tu ulilitoa wapi. Na usiwashe, tafadhali. Barua hii nampa dereva anayekuja huko, ifike upesi.

Mjukuu wako


Nyumbani, 2 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Bibi yako hajambo. Barua yako imekuta trekta limeshasimama.

Siku ya kwanza nililima vizuri, upande wote wa juu. Siku ya pili injini ikaanza kugonga kama mtu aliyefungiwa sandukuni. Nikadhani ni jembe limegusa jiwe. Kisha ikalia mlio mmoja, ikashika. Haizunguki hata kwa nondo. Baba yako mkubwa alikuwa ukingoni na yule tajiri. Hakuna aliyecheka. Wangecheka, ingekuwa afadhali.

Ndiyo, nililitoa koponi. Ile ya kwenye kijiti ilikuwa nyeusi, nyepesi kama maji, inanuka dizeli. Nilijua fundi mkuu ataiona. Ningempelekea uchafu ule, aseme kijana huyu ametoka kwa watu gani? Nilitaka ajue umetoka kwenye nyumba inayotunza vitu. Nikajiambia oili ni ile ile niliyoitia humo, na mjukuu wangu ni fundi, atajua tu.

Nawe ukasema washa.

Shamba limekwenda. Usihangaike kuja.

Babu yako


Gereji, 19 Aprili

Babu,

Shikamoo. Nimeandika barua mbili nikazichana. Ya kwanza nilikutukana wewe, ya pili nilijitukana mimi. Hii nakueleza kilichotokea leo, basi.

Tajiri wako ameleta trekta lake hapa. Nimelijua kwa dereva, amekitaja kijiji chetu bila kuniuliza mimi ni wa wapi. Fundi mkuu akaniambia nimwage oili nitie nyingine, akasimama nyuma yangu. Siku hizi hanipi kitu bila kusimama nyuma yangu. Halafu akaitwa nje.

Nikabaki mimi na tundu la oili liko wazi, na sakafu ya gereji unaijua, ni mchanga mtupu. Gao moja tu la kiganja lingetosha kuiua injini. Nililiokota, Babu. Nikasimama nalo. Hukunilea hivyo, na nimekukasirikia kwa kuwa hukunilea hivyo.

Nikalitupa. Nikafuta mikono, nikamimina oili mpya, nikakaza kifuniko, nikapima mara mbili.

Dereva anasema kesho wanaanza upande wa chini, ule ambao hukuufikia. Litalima vizuri. Nimehakikisha mwenyewe.

Mjukuu wako