Beji Iliyopima Kabati

Babu mpendwa,

Shikamoo. Nimemaliza kidato cha sita. Nataka kusomea kazi yako, ile ya chumba cha eksirei, lakini fomu ya chuo ilikaa chini ya godoro langu wiki tatu kwa sababu Mama alikataa kuisaini.

"Nimeosha mikono ya baba yangu," aliniambia. "Sitaki kuja kuosha na yako."

Mikono yako naikumbuka, Babu. Ngozi iliyopasuka, kucha nyeusi. Ulinimenyea karanga kwa shida na ukakataa nikusaidie. Hakuna daktari aliyetuambia kwa hakika kuwa ni mionzi. Lakini ulinisimulia mwenyewe: aproni ya madini ya risasi, ile ya kuzuia mionzi, ilikuwa moja, ukamvika mama wa mtoto, kisha wewe ukamshika mtoto asitikisike, mwenzako akibonyeza kitufe cha picha. Na ile beji ya kupima mionzi inayokupata, uliifunga kwenye leso ukaiweka kabatini nyumbani isichakae. Jumapili ukaibandika kwenye shati kwenda misa. Kila beji ilipopelekwa kupimwa, majibu yalirudi safi, ukatamba: "Mwili wa Mngoni huo, mjukuu."

Mwezi uliopita mdogo wangu Anita aliteleza akaumia mkono. Mama nami tukampeleka hospitali. Aliyetupokea chumba cha picha ni dada mmoja mchangamfu, beji kifuani.

"Mama, una ujauzito?"

Mama alicheka. "Mimi? Na mvi hizi?"

"Nauliza kila mama, hata wenye mvi."

Akamvika Mama aproni amshike Anita, akafunga mlango mzito, akasimama nyuma ya kioo nilipokuwa nimesimama mimi. Picha moja tu, ikatosha.

Unajua nilivyo, Babu. Hata darasani nilikuwa najua jibu nikanyamaza. Lakini siku ile niliuliza, Mama akisikia: "Dada, beji hiyo ukiiacha kabatini?"

"Itapima kabati," alijibu. "Zamani wengine waliificha, wakiogopa majibu yakiwa makubwa wataondolewa kazini. Siku hizi yakipanda tunakaa pamoja tunatafuta kosa liko wapi. Mimi nikisahau yangu, mwenzangu ananirudisha mlangoni."

Tulirudi Ruhuwiko kwa miguu, Anita amelala begani kwa Mama. Karibu na nyumbani Mama akasema, "Kumbe baba alipima kabati miaka yote."

"Kabati na misa," nikasema.

Akacheka mpaka akasimama njiani. Kisha akalia kidogo, na mimi pia. Hatukukulaumu, Babu. Hakuna aliyekurudisha mlangoni.

Jioni alifungua kabati lako, akatoa leso. Beji yako ya mwisho, ambayo hukuirudisha ulipostaafu, bado imo. Akaitazama, akaifunga tena vizuri, akairudisha mahali pake.

"Hii ikae," alisema. "Yako utaivaa. Lete hiyo fomu, najua iko chini ya godoro."

Aliisaini juu ya meza yako. Bado naogopa, hasa kusema na watu nisiowajua. Ila swali la kwanza la kazi hii nimeshajifunza kuliuliza, nalo nitamuuliza kila mama, hata wenye mvi.

Pumzika kwa amani, Babu. Mikono yangu nitaitunza kwa ajili yetu sote wawili.

Mjukuu wako uliyemmenyea karanga